Mkongo anayeishi Kampala: viza ya Ubelgiji, kisha London, kisha kurudi kupitia Brussels

Baba Neema, Katwe

Salamu kwenu nyote. Mimi ni raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mzaliwa wa Butembo, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiishi Kampala. Nimeajiriwa kama mhasibu katika kampuni inayopeleka bidhaa Beni na Butembo kupitia mpaka wa Mpondwe, na nina kibali cha kazi cha daraja la G ambacho muda wake unakwisha mwishoni mwa Septemba. Mke wangu ni Mganda wa Masaka, na binti yetu, aliyetimiza miaka tisa, ana pasipoti ya Uganda kama mama yake.

Mdogo wangu wa kike anaolewa mjini Liège katikati ya Agosti. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi ndiye nitakayesimama mahali pake, na sitaki ifike siku ya kumpigia simu, wiki moja kabla ya harusi, kumweleza kwamba nimekwama. Mpango wetu ni kuruka moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Brussels, kukaa Ubelgiji siku kumi, kwenda London siku tano kumwona shemeji yangu, kisha kurudi Brussels kwa ndege na, siku hiyohiyo na katika uwanja uleule, kupanda ndege ya kurudi Entebbe. Wakala wa tiketi ndiye aliyetupangia hivyo, kwa kuwa tiketi ya kwenda na kurudi Brussels ina nafuu kuliko zote alizoziona. Safari ya Brussels kwenda London na kurudi ataikata kando, katika shirika jingine la bei ndogo.

Yanayonisumbua ni haya. Ndugu zangu wa Butembo wananiambia kwamba mwenye pasipoti ya Kongo lazima aombe viza ya Ubelgiji Kinshasa, mji ambao sijaukanyaga tangu nizaliwe na ambao kuufikia kutoka hapa ni safari nyingine ya ndege. Pili, wakala anasema kwamba kupita Brussels wakati wa kurudi hakuhitaji chochote, mradi tusitoke nje ya uwanja, ilhali jirani yangu anasema kwamba kwa sisi Wakongo si hivyo. Tatu, pasipoti yangu imebakiwa na kurasa tatu tupu, kwa sababu kila ninapokwenda Kasindi kikazi hugongwa mihuri pande zote mbili za mpaka. Leo ni mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo muda bado upo. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie.

Msafiri wa Ntinda

Ndugu, hilo la kupita Brussels lisikunyime usingizi. Mwaka jana nilikwenda Toronto kupitia Amsterdam, nikakaa pale uwanjani saa tano, nikanywa kahawa ya bei ya kutisha, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza viza ya Uholanzi. Mtu ambaye hajafika kwenye dawati la uhamiaji hajaingia nchini, na asiyeingia nchini haombwi viza. Wakala wako yuko sahihi.

Dada wa Bugolobi

Shemeji Baba Neema (nakuita hivyo kwa kuwa na mimi mama yangu ametoka Masaka), nianze na lile la Kinshasa kwa sababu ndilo jepesi. Kanuni za viza za nchi za Schengen (zile nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka kati yao, Ubelgiji ikiwamo) zinasema kwamba ombi hupelekwa kwa ubalozi wenye mamlaka juu ya mahali mwombaji anapoishi kihalali, wala si lazima liende nchi iliyomtolea pasipoti. Mimi ni Mkenya, nimeishi hapa miaka sita, na viza zangu mbili za Schengen niliziomba Kampala bila mtu kuniuliza habari za Nairobi. Wa Butembo wanaosema Kinshasa hawadanganyi: wao wanaishi Kongo, na kwa mkazi wa Kongo Kituo cha Viza za Ulaya cha Kinshasa, kile ambacho wengi hukiita Maison Schengen, ndicho walichozoea kusikia. Wewe mkazi wa Kampala mlango wako uko hapa, na ufunguo wa mlango huo ni kibali chako cha kazi.

Ndiyo maana nina wasiwasi na huo mwisho wa Septemba. Anayelisoma faili lako atajiuliza swali moja kuliko yote: je, mtu huyu atarudi, na akirudi, atarudi mahali gani? Kibali kitakachokwisha mwezi mmoja baada ya safari kinaliacha swali hilo wazi. Ningekuwa mimi ningekihuisha kwanza katika Idara ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, hata kama muda haujabana, kisha ndipo niende ubalozini nikiwa na karatasi mpya, barua ya mwajiri inayotaja siku za likizo yako, na taarifa ya benki ya miezi mitatu ambayo mshahara unaonekana ukiingia humo.

Jambo jingine: hakikisha unajua unaomba viza za nchi ngapi. Uingereza haimo katika Schengen, kwa hiyo viza ya Ubelgiji haikufikishi London, na ya London haikufikishi Liège. Ninyi nyote watatu, mwenye pasipoti ya Kongo na wenye pasipoti za Uganda, mnahitaji viza ya Uingereza. Ada ya Schengen tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kabla ya kutimiza kumi na miwili, na kituo cha kupokea maombi huongeza malipo yake ya huduma. Binti yenu hatachukuliwa alama za vidole kwa ajili ya Schengen, kwa kuwa hajafikia miaka kumi na miwili, lakini Waingereza huchukua kuanzia miaka mitano, kwa hiyo lazima aende mwenyewe kituoni, hata kama ni siku ya shule.

Habari ya kupita Brussels nawaachia wanaoijua. Mimi sijawahi kuulizwa, lakini pasipoti yangu si yako.

Mzee wa Kibuli

Dada wa Bugolobi amelisema neno lenyewe katika sentensi yake ya mwisho, naye Msafiri wa Ntinda asiliruke, kwa sababu linamhusu yeye zaidi. Mwanangu Msafiri, ulipita Amsterdam salama kwa sababu una pasipoti ya Uganda, na hata kama ungekuwa na ya Kongo, viza yako ya Kanada ingekukinga. Mambo hayo mawili hayamo katika mfuko wa Baba Neema.

Nilikata tiketi mjini hapa kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu, na katika kazi ile nilijifunza kwamba wakala hutazama nauli, afisa hutazama pasipoti, na abiria hutazama tarehe. Ajali hutokea pale ambapo watatu hao hawakukaa meza moja. Niruhusuni nieleze kwa kirefu kidogo.

Nchi za Schengen zina orodha ya pamoja ya mataifa kumi na mawili ambayo raia wake wanahitaji viza hata kwa kubadilisha ndege tu, bila kutoka katika eneo la kimataifa la uwanja. Orodha hiyo ina Afghanistan, Bangladesh, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Eritrea, Ethiopia, Ghana, Iran, Iraki, Nigeria, Pakistan, Somalia na Sri Lanka. Viza yenyewe ni ya aina A, huitwa viza ya kupitia uwanjani, na ada yake ni yuro 90 kama ile ya kukaa siku chache, ambayo ni ya aina C. Uganda haimo, Kenya haimo, Tanzania haimo, Rwanda haimo. Kongo imo. Na kuishi Kampala miaka kumi na moja hakubadilishi kitu hapo, kwa sababu orodha inasoma jalada la pasipoti, haisomi anwani.

Wako wanaosamehewa. Mkongo mwenye viza halali ya Kanada, Marekani au Japani anaweza kupita bila viza ya aina A, na hata anaporudi kutoka nchi hizo baada ya kuitumia viza yao. Viza ya Uingereza haimo katika msamaha huo. Kwa hiyo, Baba Neema, viza ya Waingereza utakayokuwa nayo haitakusaidia Brussels.

Sasa tazama safari yako jinsi wakala alivyoichora. Utaingia Ubelgiji kwa viza ya aina C. Ukitoka kwenda London, umetoka Schengen. Kwenye stika ya viza kuna mstari unaotaja idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT. Ukiwa umepewa 01, viza yako imekwisha kazi saa ile ulipovuka kwenda Uingereza, hata kama tarehe zake bado zinaendelea. Siku tano baadaye unataka kurudi Brussels: huna ruhusa ya kuingia, na kwa pasipoti yako huna hata ruhusa ya kubadilisha ndege. Anayekuzuia si Mbelgiji. Ni kijana wa kaunta ya mizigo pale London, kwa kuwa shirika la ndege likimbeba abiria asiye na karatasi hutozwa faini na kutakiwa kumrudisha kwa gharama yake, naye hatahatarisha kazi yake kwa sababu ya harusi iliyokwisha kuchezwa.

Nasema haya nikiwa na aibu yangu. Kuna mteja wangu, Mkongo kama wewe, niliyemkatia tiketi ya kurudi kutoka London kupitia uwanja mmoja wa Schengen. Niliona saa mbili na nusu za kuunganisha, nikaona nauli nzuri, nikampongeza. Pasipoti yake niliishika mkononi kuandika jina tu. Alizuiwa kaunta, akalala siku mbili kwa jamaa yake, akanunua tiketi nyingine ya kupitia Addis Ababa kwa karibu bei ya safari nzima ya mwanzo. Hakunidai, jambo ambalo liliniuma kuliko angenidai.

Tena kuna shimo la pili ambalo wakala wako amelichimba bila kujua, na hili litawameza hata mkeo na binti yako. Umesema safari ya London itakatwa kando, katika shirika jingine. Tiketi mbili zisizojuana maana yake ni kwamba mizigo haipelekwi hadi Entebbe: inashushwa Brussels, na ili uichukue lazima upite dawati la uhamiaji, na kupita dawati ni kuingia Ubelgiji. Hapo pasipoti ya Uganda haina nafuu tena. Mama Neema na mtoto nao wangehitaji viza yenye kuingia mara mbili, la sivyo wangesafiri na vibegi vya mkononi tu, wakiwa tayari wameshapewa pasi za kupandia ndege zote mbili. Na nani anatoka London kwa wifi au kwa shemeji bila mizigo?

Msafiri wa Ntinda

Mzee, nimekuelewa na nafuta kauli yangu. Sikujua kwamba viza ya Kanada ingeweza kuwa na kazi yoyote Amsterdam. Lakini basi suluhisho si jepesi? Aombe kuingia mara mbili tangu mwanzo, afunge habari.

Mzee wa Kibuli

Aombe, ndiyo, na fomu ina mahali pa kuomba. Ila kuomba si kupewa. Ubalozi una hiari ya kutoa mara moja, mara mbili au nyingi, na mtu mwenye haki ya kutarajia viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja ni yule aliyepata na kutumia vizuri viza tatu katika miaka miwili iliyotangulia. Baba Neema hajatuambia kwamba amewahi kwenda. Akitaka mara mbili, ni lazima aonyeshe kwa nini: viza ya Uingereza ikiwa tayari imetolewa, na safari iliyopangwa ikionyesha anatoka lini na kurudi lini. Akiweka maombi ya Ubelgiji mezani kabla ya kuwa na ya Uingereza, atakuwa anaomba aaminiwe kwa maneno.

Dada wa Bugolobi

Naongezea hapo, kwa maana ndipo wengi tunapopoteza muda. Pasipoti haiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Maombi ya Uingereza kwa kawaida huchukua kama wiki tatu, na ya Schengen siku kumi na tano, ambazo zinaweza kurefushwa hadi arobaini na tano faili likihitaji kuchunguzwa. Kwa Ubelgiji faili linaweza hata kupelekwa Ofisi ya Wageni mjini Brussels ndiko liamuliwe. Schengen inapokea maombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku kumi na tano kabla yake. Kwa hiyo Mei iwe ya Waingereza, Juni iwe ya Wabelgiji, na Julai ibaki ya kutia moyo subira. Katika wiki hizo zote usipange safari ya Kasindi, kwa sababu pasipoti inaweza kuwa imelala kwenye bahasha ya mtu mwingine.

Na kurasa tatu ni chache mno. Schengen wanataka mbili tupu, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iwe hai kwa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kwao. Muhuri mmoja wa Mpondwe ukigongwa katikati ya ukurasa kwa mkono mzito, zimebaki mbili; ukigongwa mwingine, imebaki moja. Heri umwombe bosi wako amtume mtu mwingine kuanzia leo.

Baba Neema, Katwe

Nawashukuru sana, na nakiri kwamba nimesoma maelezo ya Mzee mara mbili nikiwa nimeshika kichwa. Kweli sijawahi kufika Ulaya. Mke wangu alipoyasoma aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kwa kuwa yeye hayumo katika orodha ile ya kumi na mawili, je, si afadhali yeye na mtoto waende London, mimi nirudi nyumbani moja kwa moja baada ya harusi? Sipendi kuigawa familia katika safari ya kwanza tunayoifanya pamoja, lakini nisiwe mimi wa kuwaharibia wenzangu.

Pia mdogo wangu anasema amesikia habari ya karatasi ambayo bwana harusi anapaswa kuitia saini kwenye manispaa ili kutudhamini. Je, ni lazima?

Mzee wa Kibuli

Usiigawe familia, mwanangu, kabla hujajaribu kuigeuza safari. Kwa nini London iwe ya mwisho? Tarehe ya harusi haisogei, lakini shemeji yako wa London hana tarehe. Nendeni kwake kwanza.

Fikiria hivi. Shirika la Uganda Airlines tangu Mei 2025 linaruka kutoka Entebbe hadi uwanja wa Gatwick bila kupita nchi nyingine. Mnafika kwa viza ya Uingereza, mnakaa siku zenu tano, kisha mnapanda treni ya Eurostar kutoka kituo cha St Pancras hadi kituo cha Midi, Brussels, na kutoka hapo Liège ni kama saa moja kwa treni ya ndani. Mnaingia Schengen mara moja tu, mnakaa, mnacheza harusi, mnarudi Entebbe kutoka Brussels moja kwa moja. Viza yenye 01 inatosha kwa wote watatu, na ile orodha ya kumi na mawili inabaki kuwa habari ya watu wengine. Msishangae tu pale St Pancras: polisi wa mipaka wa Ufaransa hukagua pasipoti palepale London kabla hamjapanda treni, kwa hiyo kisheria mtakuwa mmeingia Schengen mkiwa bado mnasikia Kiingereza. Tangu Oktoba 2025 wameanza kutumia mfumo wa kuandikisha kuingia na kutoka kwa kompyuta badala ya muhuri, kwa picha ya uso na alama za vidole, kwa hiyo fikeni mapema. Kwa pasipoti yako yenye njaa ya kurasa hiyo ni neema ndogo.

Kama nauli ya mashirika mawili itawashinda, muulize wakala tiketi moja ya shirika linaloruhusu kwenda mji mmoja na kurudi kutoka mwingine. Ethiopian inafika London na Brussels zote mbili, na kubadilisha ndege Addis Ababa bila kutoka uwanjani hakudai viza. Ila sharti lake liwe lilelile: London kwanza, Brussels mwisho. Na usithubutu kulipia tiketi kabla ya viza. Ubalozi unaridhika na nafasi iliyoshikiliwa.

Kuna njia nyingine, ya kuacha mpango kama ulivyo lakini mrudi kutoka London moja kwa moja hadi Entebbe bila kugusa Brussels. Nayo ni halali kabisa, kwa sababu kuingia Schengen kunabaki kuwa kumoja. Chagueni kwa nauli. Nisichokubali ni ile picha ya wakala.

Dada wa Bugolobi

Mzee amenifunga mdomo, nami nafurahi. Naomba tu nikumbushe kwamba kugeuza safari hakubadilishi ubalozi wa kuombea: kwa Schengen unaomba kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari au utakakokaa siku nyingi zaidi, nayo ni Ubelgiji, hata kama mkaguzi wa kwanza ni Mfaransa.

Kuhusu karatasi ya manispaa, hiyo ni ahadi ya kugharimia, ambayo Wabelgiji wanaijua kwa jina la Kiambatisho 3bis. Si ya lazima kwa kila mtu. Anayeweza kuonyesha fedha zake mwenyewe anafanya hivyo, na kipimo wanachokitumia ni yuro 45 kwa siku kwa anayekaa nyumbani kwa mtu na yuro 95 kwa anayekaa hotelini. Kwa watu watatu na siku kumi nyumbani kwa dada yako, piga hesabu mwenyewe, wewe ni mhasibu. Hesabu isipotosha, ndipo mdhamini anaitia saini mbele ya manispaa yake, naye lazima awe Mbelgiji au mgeni mwenye haki ya kukaa huko bila kikomo. Amweleze bwana harusi wazi kwamba si barua ya heshima: akiwadhamini anawajibika kwa matibabu, makazi na gharama za kuwarudisha. Barua ya mwaliko yenye tarehe ya harusi na anwani mtakayofikia iwepo kwa vyovyote, pamoja na bima ya safari ya kiasi kisichopungua yuro 30,000 inayofanya kazi Schengen nzima.

Mkitoa vyeti vyenu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni cha NIRA, mamlaka ya Uganda ya vitambulisho na usajili wa watu, na cha ndoa ni cha URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, kama ilisajiliwa hapa. Vyeti vyako vya Kongo vilivyoandikwa Kifaransa vitapokelewa Ubelgiji bila shida, lakini kwa Waingereza utavipeleka pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri. Watu wengi wa kwenu husahau hilo kwa sababu Kifaransa kwao ni lugha ya serikali, na wanadhani serikali zote zinakisoma.

Mwalimu wa Nakivale

Mjadala huu umenifikia kwa kuwa Wakongo wenzangu wengi wanausoma, na si wote walio katika hali ya Baba Neema. Yeye yupo Uganda kwa kibali cha kazi, kwa hiyo pasipoti ya Kongo ni yake kuitumia apendavyo. Mwenye hadhi ya ukimbizi asiige njia hii. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema kwamba mtu aliyejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake anaweza kuhesabiwa kuwa hahitaji tena ulinzi wa nchi aliyokimbilia, na kwenda ubalozini kuchukua pasipoti mpya ni ishara inayoweza kusomwa hivyo. Kifungu cha 28 cha mkataba huohuo kinaagiza mkimbizi apewe hati ya kusafiria na nchi anakoishi kihalali, na Uganda hutoa hati hiyo. Inaombewa viza kama pasipoti, ila kabla ya kulipa ada yoyote muulize ubalozi husika kama nchi yake inaitambua hati iliyotolewa Uganda, kwa sababu hata ndani ya Schengen kila nchi ina msimamo wake kuhusu hati zisizo pasipoti. Nimeona mtu akilipa kwanza na kuuliza baadaye.

Baba Neema, Katwe

Wazee wangu na dada yangu, nimewasikia. Jana jioni tulikaa, mimi na Mama Neema, tukageuza kalenda: London tarehe za mwanzo wa Agosti, Liège siku nne kabla ya harusi, kurudi kutoka Brussels. Shemeji wa London amefurahi zaidi hivi, kwa kuwa mwishoni mwa mwezi ana zamu za usiku. Wakala aliponikatia hesabu upya, tofauti ya nauli kwa sisi watatu haikufika hata bei ya ile tiketi ya Addis Ababa ambayo mteja wa Mzee alilazimika kuinunua peke yake. Aliniuliza kwa nini nang'ang'ania kulipa zaidi, nikamwomba afungue pasipoti yangu jaladani badala ya kwenye ukurasa wa picha.

Fedha zangu kwa yuro 45 zinatosha mimi na mke wangu kwa shida, kwa hiyo shemeji mtarajiwa ameomba miadi na manispaa ya kwao ili atie saini ile ahadi kwa ajili yetu sote. Yeye ni Mbelgiji, na amesema anaelewa anachokitia saini. Kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano tunazo, na kwa kuwa tangu 2016 chanjo hiyo inahesabika ya maisha yote, hakuna wa kuturudisha hospitali kwa ajili ya kuingia tena Entebbe.

Mwalimu wa Nakivale, nimempelekea maneno yako binamu yangu aliye katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, ambaye wiki iliyopita tu alikuwa ananiuliza namna ya kupata pasipoti ili naye aje harusini. Amesitisha, na atakutafuta.

Kesho asubuhi nakwenda Barabara ya Jinja kuanza kukihuisha kibali, na jioni tutajaza fomu za Waingereza. Safari ya Kasindi ya mwezi huu atakwenda mwenzangu wa ofisini, ambaye pasipoti yake bado ni mpya.